Lori la Kaka Manase na Watu wa Bima

Kaka yangu Manase hakuwa mtu wa kugombana. Mwenye mdomo nyumbani kwetu ni mimi, na ndiyo maana habari hii naieleza mimi. Yeye angeieleza kwa upole, na watu wa bima hawakustahili upole.

Enzi hizo za Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya pili, kijijini kwetu Vudee, juu milimani Upare, hapakuwa na gari hata moja. Kahawa tuliishusha hadi stesheni ya Makanya, chini tambarare, kwa vichwa na kwa punda, na wagonjwa tuliwashusha kwa machela. Mama yetu alifia njiani. Manase alikuwa amejifunza udereva jeshini, na baada ya mazishi akauza ng'ombe wake wote na shamba alilopewa na baba. Akaenda Moshi kwa muuza magari mmoja, akarudi na lori la kijani ambalo lilikuwa bado linanuka rangi. Tulilipokea kwa vigelegele kuanzia kona ya chini hadi kanisani.

Kutembeza gari bila bima kulikuwa marufuku, hivyo kampuni moja ya bima ikamtuma karani wake, Asheri, kijana wa hukuhuku Upare. Manase, kwa kuziogopa kona zetu, akakata bima kubwa, ile ya kulipwa hata gari lenyewe likiharibika. Asheri alilizunguka lori mara moja, akapiga teke tairi, akasema gari ni zima. Akapokea ada yake. Alituambia tu kwamba likipata ajali tupeleke habari upesi. Hakuongeza neno, na karatasi aliyotuachia ilikuwa ya Kiingereza tupu.

Lori likafanya kazi. Mke wa Manase, Dorkasi, alishona godoro la kulazia wagonjwa, na kwa muda huo wote hakuna aliyefia tena kwenye machela.

Masika yalipokuja, ukingo wa barabara ulimeguka kwenye kona ya chini, lori likabingirika hadi korongoni. Manase alirushwa nje akavunjika mkono. Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo nadhani watu wa Upare tu ndio wangelifanya. Kwetu likitokea jambo zito, pembe la msaragambo hupigwa, na kila mwenye mikono huacha shughuli zake aje kufanya kazi ya wote bila malipo. Hata barabara yenyewe tuliichimba hivyo. Kuacha mali ya jirani ilale korongoni ni aibu ya kijiji kizima. Pembe likalia, tukaja na kamba na magogo, tukavuta mpaka viganja vyangu vikachubuka. Jua lilipozama lori lilikuwa limesimama mbele ya kanisa. Kesho yake tukaujaza ukingo mawe, barabara ikawa nzuri kuliko mwanzo. Wanawake tukaliosha lori tope lote, ili mgeni wa bima asije akakuta uchafu. Habari tulikuwa tumekwisha kuipeleka, kama tulivyoagizwa.

Mkaguzi wa bima alikuwa Mzungu mrefu aliyejua Kiswahili, na alifika pamoja na Asheri. Tulimpa chai na ndizi. Akauliza lori lilianguka wapi, tukampeleka kwenye kona kwa fahari. Akaona barabara nzuri. Akasema gari likipata ajali haliguswi mpaka yeye alione pale pale lilipolala, sasa atajuaje kama lilianguka kweli? Manase akamwonyesha mkono wake uliofungwa vijiti. Yule bwana akasema mkono unaweza kuvunjika hata shambani.

Kisha akaingia chini ya lori kutafuta palipovunjika upya. Alikaa huko kitambo, na alipotoka alikuwa anacheka kidogo. Kicheko kile sijakisamehe mpaka leo.

"Hili lori nalijua," akasema. "Lilipinduka Korogwe, na mimi ndiye niliyelikagua. Chasisi, yaani uti wa mgongo wa gari, ilikatika. Nilichonga alama ya msalaba juu yake, maana yake gari limekufa, lisirudi barabarani. Kampuni ikamlipa mwenyewe, gari likauzwa kama chuma chakavu. Huyo aliyewauzia ameliunga kwa moto na kulipaka rangi."

Manase akauliza, kwa sauti ileile ya upole, ni kampuni gani iliyolipa.

"Hii yetu."

"Basi mlijua kwamba limekufa."

"Ofisi ilijua," akajibu. "Karani hatazami chini ya gari."

Na gari lililokufa, akasema, halina fidia. Manase akaomba basi arudishiwe ada yake. Hiyo nayo haikuwezekana. Muuza magari wa Moshi tulipomfuata tulikuta amefunga duka na kuhama.

Niliwaka. Nilimwambia yule Mzungu mbele ya mchungaji kwamba wao ni wezi waliovaa kofia. Siku ya kupokea ada, gari lilikuwa zima, na siku ya kulipa limegeuka maiti! Alama wanachonga wao, halafu tunaoumia ni sisi kwa kutoiona. Manase alinishika bega ninyamaze. Nilinyamaza kwa sababu yake, si kwa sababu hasira iliisha.

Lori likabaki pale kanisani, kuku wakilala ndani yake. Machela zikarudi. Jirani yetu Justa alishikwa na uchungu wa uzazi, mtoto akakaa vibaya, wanaume wakambeba kwenda Makanya. Hawakumfikisha. Manase, na mkono wake uliopinda, alikuwa mmoja wa waliombeba.

Hawajamaliza matanga, Asheri akatokea tena.

"Shikamoo, kaka," akasema. Manase akaitikia. Asheri, macho chini, akaeleza kwamba mwaka wa bima umekwisha na ofisi imemtuma kuchukua ada ya mwaka mpya, kwa sababu katika vitabu vyao lori la Manase bado linahesabiwa kuwa zima.

Nilifungua mdomo, lakini kaka yangu alinitangulia. Sikuwa nimewahi kusikia sauti yake ikipanda hivyo.

"Ingia chini ya lori."

Asheri akapiga magoti na suruali yake nyeupe, akaingia.

"Umeiona alama?"

"Nimeiona, kaka."

"Basi waambie waliokutuma. Hata Mwingereza na kodi yake ya kichwa hamdai marehemu."

Asheri alitoka, akajifuta magoti. Akashuka Makanya kwa miguu, kwa njia ileile aliyopitishwa Justa.