Taa ya Shimoni Niliyoing'arisha

Jamani, mi nikikumbuka siku ile bado naona haya, hata hapa nasimulia huku naangalia chini, kwa hiyo mucheke polepole.

Mi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Musaga, na jirani yangu ni Mama Domitila. Baba yake alifia kwenye shimo la madini huko kaskazini, udongo ulimuangukia, mwili haukupatikana, wenzake wakapata taa yake ya chuma tu, wakaitundika mulangoni mwa shimo, kisha kazi ikafungwa na kila kitu kikabaki palepale. Mama alitaka taa iletwe nyumbani kabla wauza vyuma chakavu hawajaibeba, lakini kaka yake, Muzee Venansi, alisema iachwe, lile ndilo kaburi (waligombana miaka, hata kwenye ubatizo wa wajukuu).

Siku moja nikapata kazi ya kuweka geti karibu na shimo lenyewe. Nikajiamulia tu, kwani nani aliniuliza? Nikaitungua, nikaificha kwenye gunia la vyombo vyangu, nikasema nitamufurahisha Mama siku ya kumukumbuka baba yake. Ningeishia hapo, afadhali! Lakini fundi akiona kutu mikono inamuwasha: nikashika meule, ile mashine ya kusagia chuma, nikatoa kutu, nikatoa na mikwaruzo ya ubavuni, nikapiga rangi ya fedha, wallahi iling'aa kama sufuria ya bibi harusi.

Jumapili hiyo ya kumbukumbu uwanja wa Mama umejaa watu, Fanta mukononi, nikaomba neno. Nikahutubia weee, eti vitu vya wazee haviachwi kuozea shimoni, kisha nikafunua kitambaa. Makofi! Mama akaipokea huku analia, akaigeuza, akapitisha kidole ubavuni, akaigeuza tena.

"Mistari iko wapi?"

"Mistari gani, Mama?"

"Baba hakujua kuandika. Kila mutoto akizaliwa, alikwaruza mustari mumoja kwa musumari. Tulikuwa watano. Wangu ni wa mwisho."

Hapo nikaelewa ile mikwaruzo niliyoisaga ilikuwa nini. Muzee Venansi akasimama, nikajua leo napigwa, lakini aliongea taratibu tu: "Miaka yote imekaa shimoni na mistari yake. Kwako imekaa siku mbili."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikapiga magoti mbele ya watu wote (na suruali ilikuwa mpya), nikaomba musamaha huku nalia kama mutoto. Mama mwenyewe ndiye aliniinua.

"Apana, mwanangu, nyamaza. Ulitaka kunirudishia baba."

Bora angenitukana.

Toka siku hiyo nimeapa, kitu cha marehemu, kiwe shimoni au kabatini, sikigusi mpaka wenyewe wakae chini wakubaliane, na nikitumwa nakileta na uchafu wake wote. Muzee Venansi, kila Jumapili anapita mbele ya karakana yangu akienda kukaa karibu na ile taa kwa dada yake. Namusalimia, hajibu, na mi sina la kumulaumu.