Anayemsalimia Mama Jioni

Kazi tuliyoigombea ilikuwa moja na jina lake lilikuwa refu: mtafiti wa afya ya kidijitali na mabadiliko ya tabia, kwa mtu aliyekwisha kupata uzamivu. Walioomba walikuwa wengi, lakini mimi nilimwona mmoja tu. Alikuwa mwenzangu wa chuo, mwanamke wa Maruku, mpole mpaka anaudhi. Tuliwahi kuzunguka pamoja vijiji vya Muleba tukiwauliza wagonjwa wa presha kwa nini wanaacha dawa wakipata nafuu. Nilijua ninamzidi. Machapisho yangu yalikuwa mengi kuliko yake, na Kiingereza changu hakikwami.

Kwenye usaili tulitakiwa kuleta mfano wa ujumbe wa sauti kwa Kihaya, ule ambao mgonjwa angeusikia akipigiwa simu jioni kukumbushwa vidonge. Wangu ulikuwa mfupi na safi: kula, meza dawa, usiku mwema. Wake, aliourekodi kwa sauti yake mwenyewe, nilikuja kuusikia baadaye. Ulianza na salamu ya umeshindaje, "Osiibire ota, waitu," kisha ukanyamaza. Simu inanyamaza, inamngoja mzee aitikie, aseme mbuzi wameshindaje na kama migomba imeangushwa na upepo, ndipo itaje dawa. Niliona ni upuuzi wa kuteketeza muda wa maongezi. Jopo likampa kazi.

Nilimpongeza kwa kumkumbatia, na mkono wangu ulimpiga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Watu husema aliyepewa kapewa. Wanasema kirahisi kwa sababu hawakuiona ofisi yake pale Bukoba, yenye dirisha linalotazama ziwa, wakati mimi nimepewa mkataba mfupi wa kwenda Muleba kupima kama ujumbe wake unafanya kazi. Nilikuwa na roho ya kwa nini, sifichi. Alipopata mafua nilitumaini yatamkalia. Kila nyumba niliyoingia nilitega sikio nipate japo mlalamikaji mmoja, na kila nyumba wazee waliniambia yule binti ana adabu. Bibi mmoja aliniuliza kama ameolewa, maana ana mjukuu anayetafuta mke.

Jumapili moja baada ya misa nilikwenda kwa mama, Kibeta. Mama ana presha ya siku nyingi, na dawa zake tulikuwa tukizigombania hadi tunanuniana. Nilimnunulia kisanduku cha kupangia vidonge, akahifadhia mbegu za maharage. Nilikuwa nikimpigia simu kila jioni, ananiambia ameshameza, nami najua ananidanganya. Siku hiyo nilikuta pakiti zimepungua inavyotakiwa. Kliniki walikuwa wamemwandikisha kwenye mpango uleule wa simu, na walipompima presha ilikuwa imeshuka.

Nilifurahi. Mama yangu angeishi zaidi, ningekosaje kufurahi? Lakini wivu haukuniacha, nikasukuma kikombe cha chai pembeni. Nikamuuliza kwa nini mimi, mtoto wa tumbo lake, hakunisikiliza miaka yote hiyo.

"Omwana wange, wewe ukipiga unaanza na vidonge," akasema. "Yule ananiuliza nimeshindaje, halafu ananingoja nijibu."

Nikamweleza kuwa ni sauti iliyorekodiwa, haisikii chochote. Akasema analijua hilo, yeye si mjinga. Kisha, kwa kuwa nafanya kazi za utafiti na wenye simu hizo, akaniomba nimtafute msichana yule nimlete siku moja, amkaangie senene.

Nikamjibu simfahamu.

Tukakaa kumenya ndizi. Jua lilipokuwa linashuka simu yake ikaita, mama akaweka kisu chini na kujifuta utomvu mikononi. Aliitikia salamu taratibu, na katika kile kimya alichoachiwa akamwambia mwenzangu kwamba leo ameshinda vizuri, binti yake amekuja kumwona.