Hoteli ya Kwenye Ukungu

Juzi asubuhi nilikuwa Malindi, si ile ya pwani bali ya huku milimani Lushoto, nimesimama kando ya barabara na afisa wa mkoa aliyemleta mwekezaji kuona eneo. Ukungu ulikuwa mzito, hata gari tuliloshuka hatulioni. Afisa hakujali. Alinyoosha kidole kwenye weupe ule: "Hapa hoteli. Kule kiwanda cha kusindika matunda. Pale chini, maegesho." Mwekezaji akawa anaitikia kwa kichwa, kana kwamba kuta anaziona.

Mara ukungu ukatawanyika. Pale penye hoteli alikuwepo bibi mmoja, kainama na jembe katikati ya maharage yaliyostawi vizuri. Kidole cha afisa kikabaki hewani.

"Shikamoo, bibi!" akaita. "Unafanya nini hapo hotelini?"

Bibi akainuka, akajishika kiuno. "Marahaba, mwanangu. Nawapalilia wageni wako maharage."

Tukacheka wote, na mwekezaji akateremka shambani kumsalimia.

Mpango wa mkoa mimi nauunga mkono; kiwanda tunakitaka, matunda yetu yanaozea njiani. Ila niwaambie waheshimiwa: huku kwetu, ardhi tupu huonekana wakati wa ukungu tu.