Chumba Changu cha Nyuma

"Mama, risiti zako mwenyewe ndizo zimekukamata," meneja wa bima aliniambia, akazisukuma mezani zinirudie. Paa la nyumba yangu ya Kasulu lilikuwa limelala kwenye mihogo ya jirani, upepo umeling'oa na mbao zake. Nilikuja kudai bima niliyoilipia, na risiti za kodi ya pango ninayoilipa serikali nilizibeba kwa maringo, waone mimi si mjanja mjanja. Kumbe nimewabebea fimbo. Fomu yao inasema nyumba anaishi mwenyewe; risiti zangu zinasema ina mpangaji. "Ulitudanganya," akasema. Hawalipi.

Nirudi nyuma kidogo.

Nyumba ile niliijenga kwa maharage. Nalima Busunzu, kule Kibondo, nikiuza mpaka Manyovu mpakani, na kila mavuno tofali zinapanda. Wazazi wangu walivuka kutoka Burundi na jiwe la kusagia na mtoto mgongoni. Mtoto ndiye mimi. Mama hakumaliza kuililia nyumba aliyoiacha kule. Alikuwa akisema, nyumba ukiitoka yote umeitupa. Acha hata mafiga yako ndani, uje uwashe moto, ijue ina mwenyewe. Kwa hiyo nilipompangisha muuguzi na wanawe, chumba cha nyuma, chenye kipaa chake peke yake, nilibaki nacho. Mafiga, kitanda cha kamba, lile jiwe la mama. Kila mwezi nashuka Kasulu, nawasha moto, napika ugali wangu, naondoka.

Kodi nayo sikungoja kufuatwa. Mkataba wa mpangaji niliupeleka mwenyewe ofisi ya mapato, ukalipiwa ushuru, ukagongwa mhuri, na kodi ya pango nikailipa kila ilipofika. Jirani mwenye nyumba tatu, asiyejua mlango wa ofisi ile uko upande gani, alinicheka.

"Weye mama, unangoja serikali ikuchongee sanamu?"

"Ikichonga," nikamwambia, "wewe utaifuta mavi ya njiwa."

Mimi ni wa darasa la nne, lakini uraia nilipewa kwa karatasi, najua karatasi ni nini. Kila risiti yenye jina langu ilikuwa inaniambia hapa ni kwenu.

Ndipo akaja wakala wa bima, kwa miguu yake. Alikaa kiti cha muuguzi, akanywa chai ya muuguzi, watoto wa muuguzi wakampa shikamoo. Nikamwambia huyu ni mpangaji wangu. Nikamwonyesha na chumba changu.

"Kwa hiyo na wewe unakaa humu, mama?"

"Nakaa. Moto wangu si huu?"

Mimi nilimjibu kwa maneno ya mama yangu, yeye alikuwa anajaza fomu. Hapo nilikosea, nakubali. Lakini wapangaji aliwaona. Akaandika anaishi mwenyewe, akasema yote yako sawa, nikatia sahihi. Kwamba nyumba ya kupangisha ina bima yake, na bei yake iko juu, nililisikia kwa meneja, paa likiwa chini tayari.

Paa limerudi. Nimeezeka kwa maharage ya misimu miwili, mabati mazito kuliko ya kwanza. Muuguzi hakuhama, alijibana na wanawe kwenye chumba changu, ambacho kipaa chake upepo haukukigusa, wakapikia mafiga yangu mpaka fundi akamaliza. Na kodi ya mwaka ule nililipa. Bima mpya imeandikwa nyumba imepangishwa. Muuguzi alinisomea neno kwa neno kabla sijashika kalamu.

Sasa wewe wakala, bado nakuona sokoni Kasulu na lile begi lako, ukiniona unakata kona. Njoo mbele ya meneja wako, mimi nikiwepo, useme chai ile uliinywa kwa nani. Na wewe meneja useme: mimi niliyeilipa serikali kodi ya mpangaji yule, na huyu aliyemfuta kwenye fomu, nani alikudanganya? Nataka jibu, na mliandike.