Mumiani ya Mzee Awadhi

Harufu ya samli inayoyeyuka juu ya makaa hunirudisha Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, enzi za Mwingereza, nilipokuwa binti wa miaka minane. Kiangazi hicho Bibi aliteleza kisimani, akavunjika mkono. Mama alimpeleka dukani kwa jirani yetu Mzee Awadhi, Mshihiri, Mwarabu wa Hadhramaut, aliyeuza nafaka na dawa, baba wa shoga yangu Muna. Nami nilifuata. Mzee alitoa chupani kipande cheusi kama lami, akamega kiasi cha punje ya mtama, akakiyeyusha kwa samli na kumnywesha Bibi. "Mumiani hiyo, mama. Mfupa utashika." Nilishtuka. Kwetu mumiani alikuwa mtu, mnyonya damu anayevizia watu vichochoroni, na hata wakubwa walimwogopa. Miaka mingi baadaye, nilipowauliza wazee na wauza dawa, ndipo nilipojua kwamba dawa ilitangulia. Jina lilikuja na wafanyabiashara wa Uajemi na Bara Hindi, nalo lilikuwa la kitu cheusi kinachochuruzika miambani. Watu wa pwani hawakuiona miamba hiyo. Wakasema ni damu ya binadamu iliyokaushwa, na anayeikusanya wakampa jina la dawa.

Kesho yake tukicheza kombolela nilijigamba, "Mimi nimeiona mumiani! Ipo kwa kina Muna."

"Muongo wee!"

"Haki ya Mungu! Bibi kanyweshwa."

Muna akacheka. "Mbona ipo siku zote? Njooni niwaonyeshe."

Kufika alasiri, habari zilikuwa zimezagaa sokoni. "Kumbe damu zetu zinauzwa pale!" mama mmoja alipiga kelele, akimvuta mwanawe mbali na mlango wa duka. Wateja wakakatika. Bibi, mkono ukiwa kwenye banzi, alikwenda kukaa mbele ya duka kila asubuhi, akiwauliza wapita njia, "Mnanitazama nini? Nimekuwa jini?" Wakapita upande wa pili. Kabla mkono haujapona, Mzee Awadhi alifunga duka, akahama na familia yake. Muna alikaa juu ya mizigo kwenye mkokoteni. Nilimpungia mkono, alinitazama tu.

Sasa Kariakoo ni maghorofa, na wajukuu zangu hucheka nikilitaja neno hilo. Halimtishi mtu tena. Mimi bado nawaangalia usoni bibi wa Kishihiri wanaonipita sokoni. Nikimpata Muna, sitamweleza asili ya mumiani. Nitamwambia kwamba mdomo ulikuwa wangu, kisha ningoje kuona kama bado atataka kuniita shoga.