Bomba Lililoitikia Marahaba

Sogea karibu, wewe unayenisikiliza. Nitalieleza jambo hili polepole, na si lazima uwe fundi ili ulielewe. Nilikuwa mtunza mashine wa mashua ndogo ya moshi iliyochukua abiria kati ya Unguja na Bagamoyo, miaka ile ambayo wengi bado walizitazama mashua za aina hiyo kwa jicho la pembeni.

Mashine yetu ilifanya kazi hivi. Maji matamu yalichemka juu ya moto wa kuni, mvuke ukaisukuma mashine, kisha ukapita katika mabomba ya shaba yaliyozungukwa na maji ya bahari. Humo ulipoa ukawa maji tena. Maji ya bahari yaliingia kwa tundu la ubavu wa kushoto, chini kidogo ya uso wa bahari. Yakishachukua lile joto, yalitoka kwa bomba lililokuwa juu ya tundu hilo.

Chombo cha kupimia joto hatukuwa nacho. Aliyenifundisha kazi alipima kwa salamu. Unakinga mkono kwenye maji yanayotoka, unasema, "Shikamoo." Unajiitikia mwenyewe, "Marahaba." Unajiuliza habari za nyumbani, unajijibu njema. Mkono ukivumilia mpaka njema, mashine ni nzima. Ukiuvuta kabla ya marahaba, ujue mvuke haupoi tena, na usipopunguza moto upesi mabomba yatapasuka.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa ya msimu wa kaskazi, wakati wa joto kali, jua limesimama utosini, wala hapakuwa na upepo wa kutikisa hata ncha ya kilemba. Bahari ilikuwa nyeupe, na kimya chake kilitutia uzito masikioni. Miongoni mwa abiria alikuwamo mdogo wangu wa kike, mwenye mimba yake ya kwanza. Nilikuwa nampeleka Bagamoyo kwa mama, maana kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa mzazi. Tulipofika mbele ya Mbegani, si mbali na Bagamoyo, kwenye maji haba, uchungu ukamshika mapema kuliko tulivyotazamia. Wanawake wakamlaza upande wa kulia, wakamzunguka kwa shuka kumsitiri.

Nikaenda kupima maji. Nikakinga mkono. "Shikamoo."

Kabla sijafungua kinywa tena, bomba likaitikia: "Marahabaaa."

Ilikuwa sauti ya bibi kizee, nzito, inayoburuta mwisho wa neno, nayo ilitoka tumboni mwa mashua. Waliokuwa wamebaki kushoto waliruka wote kwenda kulia.

"Fundi! Umemsalimu nani?" nahodha akaniuliza.

"Nimesalimu maji, nahodha. Ndivyo ninavyopima."

"Maji yana umri gani hata uyape shikamoo?"

"Mwulize na habari za nyumbani kwake," akatania abiria mmoja. Hakuna aliyecheka.

Nahodha akashusha sauti. "Zima mashine. Saa sita ya mchana ni saa ya majini wa baharini. Ameitikia, basi tumeshaketi barazani kwake. Hatuondoki mpaka aturuhusu."

Kuzima mashine siku isiyo na upepo kulikuwa na maana moja tu: mdogo wangu angezalia pale juu ya maji, bila mama wala mkunga. Nikamwomba nahodha anipe nafasi ya kupima mara moja zaidi. Safari hii nilianza kwa kutia mkono baharini. Maji yalikuwa na uvuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto. Nikajiambia, ikiwa yanaingia hivi, lazima yatoke ya moto kuliko siku za baridi, na huo si ugonjwa. Lakini nilipokinga mkono kwenye bomba, yalikuja kwa vishindo, kidogo kidogo, nami nikauvuta mkono kabla ya marahaba. Huo sasa ulikuwa ugonjwa.

Nikainama nitazame tundu la kuingizia maji. Mashua ilikuwa imelalia kulia kwa uzito wa watu, na tundu limepanda juu. Lilikuwa likinyonya povu na hewa, na kila liliponyonya, bomba lilisema, "Marahabaaa." Kadiri tulivyolikimbia, ndivyo lilivyozidi kuitikia.

"Rudini kushoto!" nikawaambia. "Mashua ikae sawa, maji yaingie!"

"Kushoto ndiko aliko!" wakanijibu.

Mdogo wangu akajiinua kwa kiwiko. "Kaka, ni bibi au ni bwana?"

"Sauti ni ya bibi."

"Afadhali. Mkunga sikuwa naye. Nishikeni mkono."

Akavuka na shuka zake, akaegemeza mgongo kwenye mbao zilezile zilizokuwa zikiguna. "Shikamoo, bibi," akasema. Wanawake wakamfuata, wanaume nao wakaona haya, wakaja. Mashua ikajinyoosha, ikalalia kushoto kidogo, tundu likazama. Sauti ikakatika katikati, "Mara—", na maji yakatoka kwa wingi. Nikangoja kidogo, kisha nikakinga mkono. Ulifika njema, kwa taabu. Kwa kaskazi, juu ya maji haba, hilo ndilo joto la kawaida.

Kabla ya alasiri, mtoto alilia nyumbani kwa mama.

Nikarudi peke yangu pwani kusafisha mashine. Moto ulikuwa umekufa, maji yamekauka, mashua imekaa wima juu ya mchanga. Nilipopitisha kitambaa kwenye bomba, mazoea yakanitoka mdomoni: "Shikamoo."

Likaitikia, taratibu, mpaka mwisho wa neno.

Hilo siwezi kukueleza. Ninaloweza kukueleza ni hili: ukipima mashine wakati wa joto, tia mkono baharini kwanza, kisha kwenye maji yanayotoka, ulinganishe, na salamu uzihesabu moyoni.