Agapiti, Mfasiri wa Katuni ya Mawinguni

Ieleweke kwa wananchi wote wa Ifakara, walio hai na waliohamia Morogoro, kwamba mji huu uliwahi kuwa na bingwa wa lugha ya Kijapani. Anaitwa Agapiti, fundi baiskeli. Kijapani hakujua hata neno moja, jambo ambalo halikumzuia kukifasiri kwa miaka minane.

Banda lake la video lilikuwa la mabati, jenereta linanguruma nje. Mabanda mengine yalionyesha ngumi na bunduki. Yeye alijivunia katuni moja ya Kijapani: msichana ambaye mama yake amebebwa na samaki mwenye manyoya hadi mawinguni. Jamani, ile picha! Nyasi zimechorwa unyasi mmoja mmoja, upepo ukipita zinalala kama mpunga wa Lupiro unaokaribia kuvunwa. Sisi tuliooga mto Kilombero kila siku tulikaa midomo wazi, tunashangaa maji ya kuchora. Agapiti, kipaza sauti mkononi, akatangaza kwamba yule samaki ni shemeji yetu wa Mahenge na mawingu yale ni ya Udzungwa. Hakuna aliyebisha.

Siku moja benchi la mbele alikaa Digna, miaka tisa, mama yake amezikwa mwezi uleule. Mwishoni mama wa kwenye katuni alisimama kwenye mlango wa mawingu, akainua mkono, na Agapiti akabana sauti ikawa ya kike: "Nitarudi masika, mwanangu."

Usiku huo Digna alilala bila kulia. Kwa miaka mingi, mvua ya kwanza ikidondoka, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka nje.

Sasa ni mwalimu. Mwaka huu akaipata katuni ile kwenye simu, na maandishi ya Kiswahili chini. Mama harudi. Anaaga, mlango unafungwa, mtoto anajifunza kupika wali peke yake. Digna akaitazama mara tatu, kisha akaenda kwa Agapiti, ambaye bado anaziba pancha kando ya barabara ya Mlimba. Akamwamkia, akamsimulia yote, benchi la mbele, msiba, zile mvua. Alitaka kujua jambo moja tu.

"Baba, ulibadilisha kwa ajili yangu?"

Agapiti akazamisha tyubu kwenye karai, akatafuta mapovu.

"CD ilikuwa na mkwaruzo, mwalimu. Kila mara inaganda hapo, mama yuko mlangoni. Nikasema anarudi ili mtoke, wa zamu ya pili waingie."